Bunduki za Vita Kuu: Ipi Ilikuwa Bora?

Leo nazungumzia bunduki, lakini si hizi rashasha tunazozisikia kila siku kwenye taarifa za habari. Nazungumzia bunduki za zama za babu zetu, zile ambazo askari alifyatua risasi moja, kisha akavuta komeo kwa mkono ili kupakia ya pili. Mauser ya Mjerumani, Lee-Enfield ya Mwingereza, Mosin-Nagant ya Mrusi. Majeshi makubwa yaliziondoa zamani katika safu zao za mbele, maghala yakafunguliwa, zikauzwa kwa bei ya kutupa. Leo huko Marekani, Kanada na Ulaya wapo watu wengi wanaozitafuta, wanaozisafisha na kubishana mpaka usiku wa manane kuhusu ipi ilikuwa bora kuliko mwenzake.

Ubishi huo unatuhusu na sisi. Kuanzia Agosti 1914 hadi Novemba 1918, Mauser na Lee-Enfield zilipambanishwa katika ardhi yetu, kutoka Tanga na Taveta, kupita Rufiji na Mahiwa, mpaka ng'ambo ya Ruvuma. Waliozibeba wengi wao walikuwa watu wetu, upande huu na upande ule. Kwa hiyo tukiulizwa ipi bora, tunao ushahidi wetu wenyewe. Nami nasema mapema kabisa ushahidi huo unaelekea wapi: bunduki ni bora kwa kadiri risasi yake ilivyo bora, na risasi ni bora kwa kadiri inavyoweza kumfikia askari alipo. Hayo ndiyo nitakayoyatetea leo.

Tuanze na chuma chenyewe. Nyuma ya mtutu wa bunduki hizi kuna komeo, chuma cha mviringo chenye mkono upande wa kulia. Ukiinua mkono na kuvuta nyuma, ganda tupu la risasi iliyokwisha kulia linaruka nje. Ukisukuma mbele, risasi mpya inapanda kutoka kwenye magazini na kuingia chemba. Ukiulaza mkono chini, komeo linajifunga, na ndani yake sindano inangoja kidole kiguse kifyatulio. Mambo ni hayo manne tu: inua, vuta, sukuma, laza. Tofauti kati ya bunduki na bunduki ni jinsi kila fundi alivyoyapanga.

Fundi mkubwa wa kwanza alikuwa Paul Mauser wa mji wa Oberndorf, kusini mwa Ujerumani. Yeye na kaka yake Wilhelm ndio waliotengeneza bunduki ya mwaka 1871, ambayo ililihusu bara letu kwa muda mrefu kuliko walivyodhani. Bunduki ile haikuwa na magazini. Askari alipakia risasi moja, akapiga, akapakia nyingine. Risasi yenyewe ilikuwa nene, milimita 11, kipande cha risasi chenye uzito wa gramu 25 hivi, kikisukumwa na baruti nyeusi. Ilipomgonga mtu, ilimwangusha. Lakini ilipolia, ilitoa wingu zito la moshi mweupe mbele ya mpigaji.

Katika Ulaya jambo hilo lilikwisha mapema. Mwaka 1884 mkemia wa Kifaransa, Paul Vieille, alivumbua baruti isiyo na moshi, na miaka miwili baadaye Ufaransa ikawa na bunduki ya Lebel inayoitumia. Kila dola kubwa ikakimbilia kubadili silaha zake. Bunduki za zamani zikabaki maghalani, na njia rahisi ya kuzitumia ikawa kuzipeleka makoloni. Ndiyo maana, vita vilipozuka mwaka 1914, kampuni nyingi za askari wa Mjerumani katika Afrika Mashariki bado zilikuwa zinabeba bunduki ya 1871, silaha iliyozidi miaka 40 tangu ichorwe. Kwa upande wa magharibi hali haikuwa tofauti sana: askari wa Force Publique kutoka Kongo ya Mbelgiji walizoea Albini, nayo ya risasi moja na baruti nyeusi.

Hebu fikiria maana yake kwa askari aliyelala nyuma ya kichuguu. Anampiga adui anayetumia baruti isiyo na moshi. Adui anasikia mlio, anatazama, anaona moshi umetanda juu ya nyasi, na papo hapo bombomu linageuzwa kuelekea pale. Askari yule anaweza kuwa mlengaji hodari kuliko wote, lakini amejitangaza mwenyewe. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alilalamikia moshi huo katika kumbukumbu zake, na alipopata bunduki za kisasa hata chache, alizithamini kama dhahabu.

Bunduki hiyo ya kisasa kwa Mjerumani ilikuwa Mauser ya mwaka 1898. Hapa Paul Mauser alifikia kilele cha kazi yake. Risasi zilikuwa 5, zikikaa ndani ya mwili wa bunduki, na askari alizisukuma zote kwa mkupuo mmoja kutoka kwenye klipu ya bati. Komeo lilijifunga kwa meno mawili makubwa mbele, karibu kabisa na chemba, na jino la tatu nyuma kama akiba ya usalama iwapo yale ya mbele yatavunjika. Ubavuni mwa komeo kulikuwa na ukucha mrefu wa chuma uliolidaka ganda la risasi tangu linapotoka kwenye magazini. Ukucha huo haukuliachia mpaka litupwe nje. Hata askari akivuta komeo kwa woga na kulisukuma tena kabla halijafika mwisho, risasi mbili haziwezi kugongana ndani. Na iwapo ganda lingepasuka, gesi ilipitishwa kwenye matundu maalumu ili isimrukie mpigaji usoni.

Ubora huu si maneno ya Wajerumani peke yao. Marekani ilipotengeneza bunduki yake ya Springfield ya mwaka 1903, ilichukua mambo ya Mauser kwa kiasi kwamba serikali yake ililazimika kuilipa kampuni hiyo fedha za haki ya ubunifu. Wawindaji wa Kizungu waliokuja Afrika Mashariki kufuata tembo na nyati nao walitoa kura yao: bunduki nyingi za uwindaji mkubwa zilizotengenezwa London zilijengwa juu ya komeo la Mauser, kwa sababu mbele ya nyati aliyejeruhiwa hakuna nafasi ya risasi kukwama. Mskoti aliyejulikana kwa jina la Karamojo Bell, kutokana na uwindaji wake kule Karamoja, Uganda, aliua mamia ya tembo kwa bunduki ya Mauser ya milimita 7, risasi ambayo wengi waliiona ndogo mno kwa mnyama yule.

Sasa tumtazame Mwingereza. Lee-Enfield imebeba jina la James Paris Lee, mzaliwa wa Scotland aliyekulia Kanada na kufanyia kazi Marekani, pamoja na jina la kiwanda cha serikali cha Enfield, kaskazini mwa London. Ilianza kutumika mwaka 1895. Lakini iliyoifanya iwe bunduki tunayoijua ni vita vya Afrika Kusini, 1899 hadi 1902. Makaburu walikuwa na Mauser, walipakia kwa klipu, na waliwatia Waingereza hasara wakiwa mbali. Waingereza walirudi nyumbani na somo. Wakafupisha mtutu ili bunduki moja iwafae askari wa miguu na wa farasi, wakaweka njia ya kupakia kwa klipu, na mwaka 1907 ikatoka ile iliyopigana Vita Kuu ya Kwanza.

Ukiziweka meza moja, tofauti unaiona kwa mkono. Magazini ya Lee-Enfield inabeba risasi 10, mara mbili ya Mauser. Mkono wa komeo la Mauser unauinua nyuzi 90, na kwa kitendo hicho hicho unakaza springi ya sindano, kwa hiyo unahisi uzito mwanzoni. Mkono wa Lee-Enfield unainuka nyuzi 60 tu, na springi inakazwa wakati wa kusukuma mbele, mahali ambapo kiganja kina nguvu. Komeo lenyewe linasafiri umbali mfupi. Jeshi la Uingereza lilimtaka askari wake apige risasi 15 zenye shabaha kwa dakika moja, katika umbali wa yadi 300, na wengi walivuka idadi hiyo. Kule Mons, Ubelgiji, Agosti 1914, kasi hiyo iliwagharimu Wajerumani damu nyingi.

Ina udhaifu wake pia. Meno yake ya kufungia yako nyuma ya komeo, mbali na chemba, kwa hiyo chuma hunyumbuka kidogo zaidi mlio unapotokea. Risasi yake ya inchi .303 ina ukingo uliojitokeza kwenye kitako cha ganda, na askari asiyezipanga vizuri huweza kukuta ukingo wa moja umenasa nyuma ya mwenzake. Kwa mlengaji wa mbali anayetaka kila risasi itue palepale, Mauser ina nafasi kubwa zaidi. Kwa askari anayeshambuliwa na watu wengi kwa wakati mmoja, Lee-Enfield ndiyo rafiki.

Mosin-Nagant ya Urusi nitaipitia kwa haraka, kwa sababu haikuamua mambo ya kwetu. Ilikubaliwa mwaka 1891, kazi ya Sergei Mosin pamoja na mchango wa Mbelgiji Léon Nagant. Ni ndefu, komeo lake ni gumu, na kuiweka katika hali ya usalama kunahitaji vidole vyenye nguvu kweli. Lakini sehemu zake ni chache, zinafunguka kwa urahisi, na kiwanda kilichovamiwa na kuhamishwa kiliweza kuendelea kuizalisha kwa mamilioni. Mfini Simo Häyhä alikuwa na bunduki ya jamii hiyo, iliyoboreshwa kwao, alipowazuia Warusi katika vita vya majira ya baridi ya 1939 na 1940. Na risasi yake ya milimita 7.62 bado inatumika majeshini leo, zaidi ya miaka 130 tangu izaliwe. Hilo la risasi kuishi kuliko bunduki ulikumbuke, nitalirudia.

Ndugu msikilizaji, wakusanyaji wa bunduki hizi wana vipimo vyao. Wanatazama iwapo namba iliyogongwa kwenye komeo inalingana na ile ya kwenye mwili wa bunduki. Wanaingiza mwanga ndani ya mtutu waone kama mifuo bado ina makali au imeliwa na kutu. Wanampa fundi apime nafasi kati ya komeo na kitako cha risasi, maana nafasi hiyo ikizidi, ganda hupasuka. Biashara yao ilikuwa kubwa sana Marekani mpaka Novemba 1963, Rais John F. Kennedy alipouawa kwa Carcano, bunduki iliyotoka kwenye maghala ya Italia na kuagizwa kwa posta. Ni aina ile ile ya bunduki ambayo vijana wetu wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, walikabiliana nayo Somalia na Ethiopia mwaka 1941. Baada ya kifo kile, na vingine vilivyofuata, sheria ya mwaka 1968 ilifunga mlango wa kuingiza silaha hizo kwa miaka mingi.

Vipimo vya wakusanyaji ni vya kweli, na mimi naviheshimu. Ila vinafanyika mahali ambapo risasi zinanunuliwa dukani. Vita vya kwetu vilipima jambo jingine.

Twende Tanga, Novemba 1914. Waingereza walishusha jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka India. Lettow-Vorbeck alikuwa na watu wapatao 1,000. Baadhi ya vikosi vilivyotoka India vilikuwa vimekabidhiwa Lee-Enfield karibu kabisa na safari, na askari hawakuwa wameizoea. Wakashindwa, wakarudi melini, wakaacha nyuma bombomu 16, risasi zaidi ya nusu milioni, na bunduki za kutosha kuzipatia kampuni tatu za Kijerumani silaha za kisasa. Angalia kilichotokea: bunduki ya kasi kuliko zote duniani ilikuwa mikononi mwa watu wasioizoea, na kesho yake ikawa mikononi mwa adui.

Aprili 1915 meli ya Rubens, ikiwa imejificha kwa jina na bendera ya Denmark, ilifika Ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga ikiwa na bunduki mpya na mamilioni ya risasi. Meli ya kivita ya Uingereza, Hyacinth, ikaipiga. Mzigo ulizama katika maji ya kina kifupi, ukaokolewa, lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Ikabidi zifunguliwe moja baada ya nyingine, baruti itolewe, ikaushwe, irudishwe, na bado nyingine hazikulia. Machi 1916 meli ya pili, Marie, ikafika Sudi, karibu na Lindi. Baada ya hapo hakuna meli nyingine iliyofika. Mauser ya 1898, pamoja na ukucha wake na meno yake matatu, ikaanza kufa njaa.

Mahiwa, Oktoba 1917, ulikuwa ushindi wa Wajerumani uwanjani, lakini risasi zao zisizo na moshi zilikuwa karibu kwisha. Mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck aliwaacha nyuma wagonjwa na wengine wengi, akavuka Ruvuma na Wazungu wapatao 300 na askari wapatao 1,700. Tarehe 25 Novemba 1917 waliivamia ngome ya Wareno kule Ngomano. Hapo walipata risasi zipatazo 250,000 na bunduki za kuwatosha sehemu kubwa ya askari wao. Bunduki ya jeshi la Ureno wakati ule, Mauser-Vergueiro, ilitengenezwa Berlin, lakini risasi yake ilikuwa ya milimita 6.5, wala haikuingiliana na ya Mjerumani. Askari akatupa bunduki ya 1871 aliyoibeba miaka yote, akashika ya Mreno, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa na chakula.

Na chakula hicho kilibebwa na nani? Hapa ndipo pananiuma, na hapa ndipo wapenzi wengi wa bunduki hawafiki. Risasi moja ya .303 ina uzito wa gramu 25 hivi. Risasi ya ile Mauser ya 1871 inazidi gramu 40. Mtwike mpagazi kilo 25 kichwani. Akibeba za .303, amebeba risasi 1,000. Akibeba za milimita 11, amebeba kama 600. Kwa hiyo jeshi lenye bunduki kuukuu lilihitaji vichwa vingi zaidi ili kupiga idadi ile ile ya risasi, na kila kichwa kilikuwa cha mtu aliyechukuliwa kijijini kwake, mara nyingi kwa nguvu, akala nusu posho, akaugua kuhara na homa ya mapafu njiani. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita vile. Wengi wao hawakupiga hata risasi moja kati ya zile walizozibeba.

Vita vilipokwisha Ulaya, Lettow-Vorbeck alikuwa Rhodesia ya Kaskazini. Alisalimisha silaha Abercorn, siku hizi Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Hesabu ya makabidhiano ilikuwa bunduki 1,071, na zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Jeshi la Kijerumani lililoanza vita na kazi ya Paul Mauser lilimaliza vita kwa silaha za adui zake, na sababu ni moja tu: risasi za adui zilipatikana porini, na za kwao zilibaki Ulaya nyuma ya manowari za Mwingereza.

Kwa hiyo ukiniuliza leo, nitakujibu hivi. Kwa ufundi wa chuma, Mauser ya 1898 inashika nafasi ya kwanza. Kwa kasi ya mapigano, Lee-Enfield haina mpinzani. Kwa wepesi wa kutengenezwa, Mosin-Nagant. Lakini kwa vita vya Afrika Mashariki, mshindi ni risasi ya .303, kwa sababu ilitoka Uingereza na India, ikashushwa Mombasa na baadaye Dar es Salaam, na iliendelea kuja. Ndiyo iliyokwenda na askari wetu Burma mwaka 1944, na ndiyo iliyobaki mabegani mwa polisi na askari wa wanyamapori miaka mingi baada ya vita.

Nina ombi la mwisho kwako, msikilizaji. Iwapo katika nyumba ya ukoo wenu imebaki bunduki ya zamani au risasi za zamani, usijaribu kuzipiga, kwani baruti iliyozeeka na mtutu uliooza huua mpigaji. Wala usizifiche. Toa taarifa polisi kwa utaratibu wa sheria, na uombe kitu hicho kifikiriwe kwa ajili ya makumbusho. Na iwapo kilichobaki ni jina tu la babu aliyebeba sanduku la risasi kutoka pwani mpaka Ruvuma, liandike, pamoja na kijiji alikotoka na njia aliyopita, uwape watoto. Namba za bunduki zile zimehifadhiwa vizuri mpaka leo. Majina ya wengi waliozilisha bado hayajaandikwa.